Kengele ya Shimo la Shaba

Katika nyumba za mgodi, kila mwanamke aliijua lugha ya kengele kabla hajazoea sura za majirani. Mpiga kengele yuko chini shimoni, mwendesha winchi, ile mashine ya kuvuta kizimba cha chuma kinachopandisha na kushusha watu, yuko juu, hawaonani. Kinachowaunganisha ni waya mmoja na kengele ya chuma iliyofungwa nje ya jumba la winchi. Mapigo matatu: watu wanaingia kizimbani. Kisha kimya, mpaka wote waingie na lango lifungwe. Kisha pigo moja: vuta. Bila hilo moja, mwendesha winchi hagusi mkono wa mashine hata dunia ipinduke, maana kizimba kikiondoka lango likiwa wazi, mtu hukatwa vipande.

Mfua ovaroli aliijua lugha hiyo kuliko wengi. Banda lake la kufulia liko nyuma ya jumba lenyewe, mumewe alikuwa mpiga kengele, na shemeji yake, kaka wa mumewe, alikuwa mwendesha winchi. Huyo shemeji watu walimwita Breki, kwa jinsi anavyofanya kila jambo polepole. Akialikwa chakula, wenyeji huosha vyombo vyote na kumwachia sahani yake.

Siku maji yalipopasua ukuta kule chini, mfua ovaroli alikuwa ameshika nguo ya mumewe mwenyewe, inachuruzika. Alisikia matatu. Akasubiri moja. Halikuja, na wala miili ya mumewe na wenzake haikupatikana.

Tume ilipokuja kuuliza, Breki alikula kiapo kwamba hakusikia kengele yoyote. Basi ikaamuliwa kwamba mpiga kengele aliacha waya wake akatimua mbio, wenzake wakakwama gizani kwa ajili yake. Mtaani nako watu hawana dogo. Mwanawe alianza shule akiitwa Mtoto wa Mtoro, akamaliza shule akiitwa hivyo hivyo.

Na yeye aliyesikia kwa masikio yake mawili? Alifyata ulimi. Breki ndiye aliyeleta unga, viatu vya mtoto, na karo. Angesimama mbele ya watu aseme shemeji yake mwongo, halafu kesho wale nini? Mimi simlaumu, ingawa wakati mwingine namlaumu. Mgodi ukafungwa, akaenda kufua mashuka ya hospitali, na huko pia kengele ilimfuata. Nguo ikidondosha matone matatu, alisimama kungoja la nne. Alichelewa kazi kwa ajili ya matone.

Miaka ikapita, shaba ikapanda bei dunia nzima. Fundi cherehani, jirani yake mwenye ulimi usiolala, alimjia mbio na redio kwapani ili amsikie waziri. Mgodi unafunguliwa tena, waziri alisema. Nchi nyingine zimejenga barabara na hospitali kwa mawe kama haya, na mgodi huu ndio uti wa mgongo wa uchumi wetu.

"Umesikia, shoga? Uti wa mgongo!" fundi cherehani alishangilia.

"Wa mume wangu bado uko huko chini," alijibu mfua ovaroli, akaendelea kukamua.

Jioni hiyo mwanawe, ambaye sasa alikuwa mwanaume wa ndevu, alirudi anacheka peke yake.

"Mama, nimepewa kengele."

"Kengele gani?"

"Ya baba. Nimeiomba mwenyewe. Nataka wasikie mtu wa nyumba hii akiipiga, wafunge midomo yao."

Akamtazama, akataka kusema. Akamwekea chakula.

Siku ya kwanza ya mgodi kufunguliwa, Breki amerudishwa kwenye winchi yake na yeye kwenye banda lake la zamani, alikuwa na mikono ndani ya povu. Kengele ikalia. Moja, mbili, tatu. Kisha kimya. Alihesabu pumzi zake, zikamwishia. Kimya kile kilikuwa kile kile, angekitambua popote. Akaacha nguo kwenye maji, akakimbilia jumba la winchi ambalo mwanamke hakuruhusiwa kuingia.

Breki alikuwa ameushika mkono wa mashine kwa mikono miwili. Alikuwa karibu kuvuta.

"Shemeji, acha!"

"Nimesikia tatu! Safari hii siachi mtu chini, nasema nimesikia!"

"Lango liko wazi! Utamkata mtoto!"

"Alipiga," Breki alilia. "Ndugu yangu alipiga, nikangoja moja, nikangoja... Niliogopa wataniuliza kwa nini sikuvuta."

"Najua alipiga. Nilisikia. Ngoja."

Akaweka mikono yake yenye povu juu ya mikono ya Breki, akaikandamiza. Wakangoja hivyo, wawili, bila kutazamana.

Kengele ikalia mara moja.

Kizimba kilipofika juu, kijana alishuka na tope hadi magotini, wenzake nyuma yake. "Poleni," alisema, "mzee mmoja alikuwa mbali, anachechemea. Nisingefunga lango bila yeye." Ndipo akaona nyuso zao.

"Mwambie," mfua ovaroli alimwambia Breki. "Mwambie mbele ya hawa."

Breki alisema, na kwa mara ya kwanza maishani alisema haraka, yote, mpaka kiapo. Wachimbaji wakongwe walivua kofia zao. Mmoja akatazama chini kwa aibu, maana yeye ndiye aliyelitunga lile jina la Mtoro.

Kijana alimsogelea Breki. "Kwa hiyo alikuwa anawangoja wenzake."

"Alikuwa anawangoja," Breki alisema.

Kijana akapangusa uso, tope likasambaa. Kisha akamgeukia mama yake, akaiona mikono yenye povu, akatazama banda la kufulia lilivyo karibu na kengele.

"Mama," akasema taratibu. "Na wewe ulisikia?"

Mfua ovaroli alifungua mdomo. Alikuwa na majibu ya unga, ya viatu, ya karo, na hakuna hata moja lililotoka. Kijana alingoja. Alijua kungoja, amerithi. Kisha zamu ikaitwa, akaingia kizimbani, akafunga lango kwa mkono wake, akashuka bila kugeuka.

Mama yake alibaki pale pale. Povu lilimkaukia mikononi, na alikuwa bado anasikiliza.