Unga wa Njano Mezani kwa Baba

Mchumba wa kaka yangu alitoka milimani, kaskazini mwa Italia. Walikutana huku, kaka akiwaongoza wageni mlimani. Baba alikuwa bado hajamkubali. Jumapili ile, baada ya ibada, mimi na kaka tulipanda na mchumba huyo hadi nyumbani Masama. Akamwamkia baba shikamoo. Baba akaitikia akiangalia pembeni. Kisha mgeni akatoa unga wa mahindi aliotoka nao kwao, akamwomba mama ampishe jikoni.

Mama alimpisha lakini hakutoka. Alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Mgeni alichemsha maji yenye chumvi, akanyunyiza unga kidogo kidogo huku akikoroga. Akakoroga karibu saa nzima. Moshi ulimtoa machozi, akawa anabadilisha mkono tu, mwiko hausimami.

"Ugali gani huu hauivi?" mama aliniuliza kwa Kichagga. Sikutafsiri.

Ugali ulipoacha kushika sufuria, mgeni alitia siagi ya ng'ombe wetu na jibini ya kwao, akaumwaga juu ya ubao safi katikati ya meza. Ulitanda, laini, ukitoa mvuke. Juu yake akaweka nyama ya mama, iliyochemka taratibu tangu asubuhi kwa vitunguu na nyanya.

"Kwetu wote wanakula hapa hapa," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza.

Baba alisali, akafumbua macho, asinyooshe mkono.

"Unga wa njano," alisema. "Mwaka wa njaa, shule ya bweni, tulilishwa huu asubuhi na jioni. Ulikuwa na wadudu. Niliapa hautaingia nyumbani kwangu."

Kaka alisukuma kiti nyuma, akasimama. "Basi, baba, sisi tunaondoka."

"Kaa," mama alisema. Kaka hakukaa. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko, sijui nikiweke wapi.

Mchumba hakunisubiri nitafsiri. "Bibi yangu," alimwambia baba, "alikula huu tu. Miaka mingi. Maskini sana, hakuna nyama. Alipozeeka alikataa hata kuuona."

"Sasa wewe nani alikufundisha?"

"Yeye. Nilimwomba sana. Akasema sawa, lakini uweke siagi. Siagi hatukuwa nayo."

Baba alimtazama, mara ya kwanza siku ile. Mama alichota upande wake, akala, akachota tena. Kaka akabaki amesimama, mkono juu ya kiti.

"Huyo bibi," baba aliuliza, "alikuwa na ng'ombe?"

"Mmoja. Siagi yote waliuza."

"Mmoja anatosha, ukimtunza."

Akaniagiza nimletee ndizi zilizobaki jana. Alizila baridi, pale pale mezani pamoja nasi, huku akimuuliza mgeni kwao wanakata majani wapi theluji ikianguka. Kaka akaketi. Mwezi uliofuata baba alikwenda mwenyewe kwa mchungaji kuulizia tarehe ya ndoa.