Mayai Vipi?

Shangazi yangu hana dogo. Ukimkanyaga atakwambia, ukimpita bila salamu atakwambia, na siku serikali ilipotangaza masharti ya kuingia nchini wakati wa ule ugonjwa, alibishana na redio mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Simlaumu. Shangazi ni mpishi wa mayai katika hoteli ambayo mimi nakaa mapokezi. Kabla ya ugonjwa alisimama kila asubuhi mlangoni mwa ukumbi wa chakula na jiko lake la gesi, kofia nyeupe imemkaa upande, akimuuliza kila mgeni ana kwa ana: mayai vipi? Lugha za wageni hajui hata moja, wala hazikumpa shida. Kiganja wazi, ya kukaanga. Ngumi, ya kuchemsha. Mkono unaopepea, ya kuvuruga. Wapo waliokuwa wakirudi mwaka hadi mwaka, na kabla hata hawajachukua ufunguo kwangu, wanamwonyesha shangazi ngumi kwa mbali na kucheka.

Basi mipaka ikafungwa. Ilipofunguliwa, ikafunguliwa kwa masharti: upimwe kabla ya safari, upimwe ukishuka, kisha ukae karantini hotelini bila kutoa mguu nje ya chumba. Nani atapanda ndege aje kutazama ukuta? Na hata hayo hayakukaa. Jumatatu wanasema hivi, Alhamisi wamegeuza. Wageni wakaahirisha, wakaahirisha tena, halafu wakanyamaza.

Mji wetu unakula kwa mgeni. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ni dereva wa watalii. Gari lake likakaa juu ya mawe mpaka kuku wakataga chini yake. Wauza vinyago wa ng'ambo ya barabara wakafunga maduka. Dobi wetu akawa anapiga pasi mashuka yale yale ili asisahau kazi. Sisemi ugonjwa ulikuwa mchezo, maana hata mtaani kwetu tulizika. Nasema walioandika yale masharti walilipwa mishahara yao hata kama hakuna mtu aliyeshuka kwenye ndege. Hilo linanichoma hadi leo.

Meneja, mtu mwoga lakini si mbaya, akaomba hoteli yetu iwe ya karantini, akakubaliwa. Wakaja wageni wachache: waliokuwa wanarudi kwao, wafanyabiashara, na watalii wawili watatu wenye vichwa vigumu. Chakula kiwekwe mlangoni, mtu asionane na mtu. Meneja akatuita na kutangaza kwamba mwisho wa mwezi jiko linafungwa. Kampuni moja ya mjini italeta maboksi: mkate, chai, yai la kuchemsha. Wapishi wapumzike kidogo, mpaka hali itengemae.

Wote tulijua mapumziko hayo ni kumwaga unga. Na nyumbani kwa shangazi, binamu akiwa amekaa bure, hakukuwa na mshahara mwingine.

"Yai la kuchemsha kwa kila mtu?" shangazi akauliza.

"Mama, hakuna anayekuja karantini kula yai."

"Umemuuliza nani?"

Meneja akatazama viatu vyake. Hakuwa amemuuliza mtu.

Kesho yake asubuhi nikasikia magurudumu yakikwaruza sakafu. Shangazi alikuwa anasukuma jiko lake, mtungi wa gesi na kila kitu, kwenda katikati ya ua, ambako madirisha yote ya vyumba yanatazama. Akavuta barakoa ikae sawa, akagonga mwiko kwenye sufuria, akainua uso.

"Haya, wagonjwa wa serikali! Mayai vipi?"

Pazia moja likatikisika. Kisha dirisha la ghorofa ya kwanza likafunguliwa na mzee mmoja, mgeni wetu wa miaka mingi, akatoa mkono nje. Ngumi! Akacheka mpaka akapaliwa na kukohoa, na sote tukarudi nyuma kwa hofu. Lakini madirisha mengine yakaanza kufunguka.

Ikawa ndiyo desturi. Yeye anapika uani, mimi nafunika sahani, naiacha mlangoni, nabisha hodi na kutimua mbio. Makosa yalikuwepo. Bibi mmoja wa ghorofa ya juu alikula mayai ya kuvuruga kila siku ya karantini yake, na siku ya kuondoka ndipo akaniambia hayapendi hata kidogo; alikuwa anampungia shangazi mkono wa salamu tu. Na mfanyabiashara aliyechoka kusubiri majibu ya kipimo alitikisa ngumi dirishani akitukana ukoo mzima wa hoteli. Akapelekewa yai la kuchemsha, bado la moto. Akalila.

Habari zikasambaa. Watu wakaanza kupiga simu wakiulizia hoteli ya yule mama wa mayai, kama ni lazima wafungiwe basi wafungiwe kwetu. Meneja akawa hataji tena maboksi, ila hakuwa amesema jiko litabaki. Mwisho wa mwezi ukawa unakaribia na shangazi akawa mkali kuliko pilipili.

Ndipo bwana afya akaja. Kijana, sare imenyooka, barakoa mbili. Akasimama uani akamnyooshea shangazi kidole.

"Mama, ondoa hilo jiko. Wageni wanatoa vichwa nje, wanapiga kelele. Huku ni karantini, si sherehe."

"Wana njaa, mwanangu."

"Waletewe chakula kwenye boksi kama hoteli nyingine. Uani hapa sitaki kuona jiko. Nikilikuta kesho, naifunga hoteli."

Meneja alikuwa ameganda mlangoni. Mimi nikasogea pembeni, maana nilimjua shangazi yangu. Akashika kiuno.

"Nimempikia mume wangu mpaka nikamzika. Wanangu nimewalea kwa jiko hili. Ugonjwa umenifungia mji, umeniwekea mtoto nyumbani kama gunia. Nimevaa barakoa, nimenawa mpaka ngozi imebambuka, nimekaa mbali na kila mtu. Mnataka nini kingine? Nisionekane?"

 Bwana afya aliangalia juu, kwenye ile mikono iliyotulia madirishani, akaangalia chini, akaondoka.

Nilidhani mambo yamekwisha. Shangazi akazima gesi, akavua kofia. Na meneja, yule yule mwoga, akakohoa kidogo.

"Mama," akasema, "amekataza uani."

"Nimesikia, sina uziwi."

"Paa la dobi si uani."

Shangazi alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Jioni ile tukalipandisha jiko ngazi kwa ngazi, dobi mbele, binamu nyuma, meneja na mtungi wa gesi begani, koti lake limejaa vumbi, akisema kwa kuhema kwamba jiko halifungwi tena, na shangazi akitukaripia sote tusilikwaruze. Paa lile ndipo mashuka huanikwa. Madirisha yote hulitazama. Na barabara nayo hulitazama, jambo ambalo hatukulifikiria.

Asubuhi alipogonga sufuria, madirisha yakafunguka yote. Mzee akatoa ngumi yake. Halafu chini, ng'ambo ya barabara, muuza vinyago aliyekuwa amekaa mbele ya duka lake lililofungwa akainua kiganja. Jirani yake naye akainua. Shangazi akacheka kwa sauti iliyofika sokoni.

Bwana afya alikuja kama alivyoahidi. Nilimwona kutoka paani kabla ya wenzangu, anavuka barabara. Akaingia uani, akakuta patupu. Akatoka tena nje, akafuata harufu mpaka akainua macho juu ya paa, na shangazi akawa tayari ameinama ukingoni, mwiko mkononi, akimtazama.

"Na wewe, mwanangu! Tangu alfajiri unazunguka kufunga watu, umekula?"

Alisimama pale barabarani. Meneja kando yangu alikuwa anasali. Kijana akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama wale wauza vinyago na viganja vyao. Kisha polepole, karibu na kifua ili mtu asione, akafungua kiganja.

Sahani nilimpelekea mwenyewe. Shangazi alinikataza kutumia boksi.