Kandambili Iliyofika Nakaloke Ndani ya Injini

Mpaka leo nikisikia harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka, moyo wangu huruka kama wa mtoto aliyeambiwa kesho kuna safari. Baba yangu alikuwa fundi wa redio mjini Jinja, na duka lake la upana wa mlango mmoja na nusu lilinuka hivyo kutwa: moshi mwembamba wa lehemu, vumbi lililoungua ndani ya televisheni za zamani, zile zenye kioo mbele na tumbo nyuma, na chai ya tangawizi aliyoisahau kila siku juu ya benchi. Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi. Redio iliyopita mikononi mwake ukiifungua hukuti waya uliolegea. Zote amezilaza bega kwa bega na kuzifunga kwa uzi uliopakwa nta, fundo kila upana wa vidole viwili. Nani angeziona humo ndani? Hakuna. Lakini Baba alisema kazi mbaya iliyofichwa humfuata fundi mpaka kitandani. Mimi, Hadija, binti yake wa miaka kumi, ndiye niliyeshika ncha ya uzi huo alipokuwa akivuta, na nilijiona mkubwa kuliko wasichana wote wa mtaa wetu.

Msimu ninaousimulia ni likizo ile ambayo Mama alikwenda kujifungua kwa wazazi wake Nakaloke, mbele kidogo ya Mbale. Simu ikaja kwamba amezaa mtoto wa kiume, na akika itafanywa siku ya saba. Jina la mtoto, Baba alikuwa amenikabidhi mimi nilichague. Nilikuwa nimelichagua tangu mwezi uliotangulia, Idris, na nililala nalo na kuamka nalo. Babu wa Nakaloke, baba yake Mama, alikuwa na mawazo yake. Alimwambia Baba kwenye simu, nami nimebandika sikio, "Mkwe wangu, mtoto hawezi kukaa bila jina akisubiri gari bovu. Alasiri ikiadhiniwa hujafika, nampa jina langu." Babu aliitwa Abdurahmani. Sina ugomvi na jina hilo, ila mdogo wangu hakuwa Abdurahmani, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Babu alikuwa na sababu ya kulitilia shaka gari letu. Lilikuwa gari dogo la Kijapani lililowahi kuwa jeupe, na kifaa kinachogawa moto wa plagi kilitumia platini, vile vibati viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, ambavyo kwetu viliisha kila baada ya wiki chache. Baba hakupenda kitu kinachokwanguliwa kwa msasa kila Ijumaa. Kwa hiyo, wakati tukisubiri habari ya Mama, aling'oa platini akaweka kifaa cha elektroniki, akatafuta koili yenye nguvu, kile kifaa kinachozaa umeme wa cheche, kutoka gari jipya zaidi, na badala ya waya za plagi za dukani akatumia waya za umeme mkali alizozichomoa kwenye televisheni zilizokufa. Kisha akafanya alichofanya maisha yake yote: akazilaza waya zote nne pamoja na kuzifunga kwa uzi wa nta, mimi nikiwa nimeshika ncha. Zilipendeza kama nywele zilizosukwa kwa ajili ya Idi. Gari likawaka kwa mguso mmoja, tukazunguka nalo mjini, na nilipungia watu mkono ambao sikuwajua.

Siku ya saba tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Nyuma tulipakia mchele, sukari, na blanketi zito ambalo Baba alimnunulia Mama kwa sababu ya baridi inayoshuka kutoka mlimani. Mimi nilivaa gauni jipya na kandambili mpya za rangi ya waridi, sapatu kama tunavyoziita Uganda, ambazo niliapa hazitakanyaga tope kabla ya akika. Tulipita Iganga tukiimba. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Injini ilipopata moto sawasawa, gari likaanza kukohoa, likawa linamisi, kama wasemavyo mafundi: linavuta, linakosa, linavuta, linakosa, na kila likikosa vichwa vyetu vinainama kama tunamsalimia mtu. Baba alisimama akasafisha plagi. Akasimama tena akabadili plagi. Akaangalia petroli, akaangalia kichujio, na kila mara gari lilitudanganya mwendo wa maili moja, kisha likarudia kikohozi chake. Teksi zilipita zimejaa mpaka mlangoni. Jua lilipanda, nami nikaanza kumsikia Babu akisema Abdurahmani.

Ilikuwa imefika saa saba tulipojikokota mpaka kwenye kizuizi cha polisi, karibu na bonde la mpunga. Afande mmoja mrefu, mtu wa kaskazini, alikuwa ameketi kivulini na redio ndogo sikioni. Alinyanyuka kabla hata hatujasimama.

"Mzee, hii gari yako ndiyo naharibu redio yangu?" alisema. "Mimi nasikiza habari, sasa nasikia tu tik-tik-tik. Ukiwa mbali iko sawa, ukikuja karibu nalia."

Dereva mwingine angeomba radhi. Baba alitoka garini macho yakimng'aa. "Afande, naomba uniazime hiyo redio kidogo."

"Ya nini?"

"Ya kutibu gari."

"Redio hapana dawa, bwana," afande alisema huku akicheka, lakini akaitoa.

Baba alinipa mimi redio niishike karibu na injini, yeye akaiongezea injini mafuta kwa mkono. Nilikuwa nimekulia katika sauti za redio; masikio yangu hayakuwa ya kawaida, nasema bila haya. Nilifunga macho. Injini ilikwenda, ikakosa, ikaenda, ikakosa. Redio yenyewe ilipiga tik-tik-tik bila kuruka hata moja, kama mtu anayehesabu punje za tasbihi.

"Baba," nikasema, "redio haikosi. Injini ndiyo inayokosa."

Alinitazama mpaka nikadhani nimesema upuuzi. Kisha akacheka peke yake, akaniambia kwa haraka ya furaha: kila tik ni cheche moja, na kama redio inazisikia cheche zote, basi cheche zote zinazaliwa, koili ni nzima, kifaa kipya ni kizima, moto unapotea njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Njia yenyewe ilikuwa ni zile waya. Ili kuuona moto unaotoroka unahitaji giza, na sisi tulikuwa na jua la saa saba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baba alichomoa blanketi la Mama, akamwomba afande akae kwenye usukani akanyage mafuta. Afande akampa mwenzake bunduki, akaingia garini magoti yakigusa kidevu. Mimi na Baba tukaingiza vichwa chini ya boneti, blanketi likafunikwa juu yetu, na humo ndani ya joto na harufu ya mafuta nikaiona: cheche ya buluu, nyembamba kama uzi, ikiruka kutoka waya wa tatu kwenda wa nne, pale pale kwenye fundo letu zuri la nta. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nilipiga yowe la furaha, na afande akadhani nimeungua.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kwa Baba kuliko kutafuta ubovu. Ilibidi akate uzi. Alishika wembe, akavuta pumzi, akakata fundo baada ya fundo, na waya zikaachana zikalala ovyo kama miguu ya kuku. Lakini zikiachwa hivyo zingelegea na kugusana tena barabarani. Zilihitaji kitu kisichopitisha umeme cha kuzitenganisha. Tulitafuta garini, tukatafuta kando ya barabara, na hapakuwa na kitu. Nikatazama miguu yangu. Nakiri nilisita. Kisha nikavua kandambili ya kushoto nikampa, na Baba akaikata vipande, kila kipande akakitia mipasuo minne, waya mmoja kila mpasuo. Afande akakanyaga mafuta na injini ikaimba. "Sasa nenda," akasema, akichukua redio yake. "Niache na habari yangu."

Moyo wangu haujawahi tena kwenda kasi ile. Tulivuka Mbale bila kukohoa hata mara moja, tukaingia Nakaloke muadhini akiwa ndiyo kwanza anasafisha koo kwenye kipaza sauti. Babu alikuwa amesimama uani, mtoto mikononi. Nilimkimbilia nikichechemea, mguu mmoja una kiatu, mwingine una vumbi.

"Kiatu kingine kiko wapi?" akauliza.

"Kwenye injini, Babu."

Alikwenda kutazama mwenyewe. Alipoona vipande vya waridi kati ya waya, na Baba akamsimulia habari ya uzi, alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," akasema. Kisha akamweka mtoto mikononi mwa Baba, na Baba akainama, akalisema sikioni mwa mtoto jina nililolichagua.

Idris sasa ni kijana mwenye gari lake, anaishi Nkoma, pale Mbale. Mwezi uliopita nilikwenda na Baba kumtembelea, tukakuta gari hilo linamisi. Fundi alikuja na kifaa kidogo, akakichomeka chini ya usukani, kikamwandikia namba ya silinda yenye shida, na kabla chai haijapoa alikuwa amemaliza. Nilifurahi kwa ajili ya ndugu yangu, na papo hapo nikamwonea huruma, kwa sababu kifaa kile hakikumwomba mtu yeyote redio yake, wala hakikumfanya mtoto ahisi kwamba ulimwengu mzima unasubiri masikio yake. Baba, ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri, aliinamia injini muda mrefu akapapasa waya zake nyingi, zilizolazwa bega kwa bega na kufungwa pamoja kwa unadhifu.

"Unaona, Hadija?" akasema. "Hata hawa waliolitengeneza wamezifunga."

"Wazifunge tu, Baba," nikamwambia, "lakini leo nimevaa viatu vya ngozi."

Aliinama, akagusa kiatu changu cha kushoto kwa vidole viwili, na hakuinuka upesi.