Kisu cha Mkwe Mlangoni

Habari za msiba zilinikuta mikono ikiwa juu. Nilikuwa mlangoni mwa benki, mlinzi ananipitishia kile kifaa cha kutambua chuma, mbele, nyuma, kwapani, na bila kuacha kazi yake akaniambia kwamba yule mwenzetu wa mlango wa ukumbi, ndiye aliyemfundisha kazi, amefariki, na mazishi ni kesho kwao Gulwe. Kifaa kikalia kilipofika kwenye mfuko wangu. Hakuuliza kuna nini. Alisema nipite, nikapita, nikapanga foleni, nikamaliza shughuli zangu, na mpaka nafika nyumbani sikuwa nimehisi chochote. Wasomaji wa safu hii wamezoea kunisikia nikilalamika. Leo hata malalamiko sina, nimekufa ganzi tu.

Marehemu hakuwa rafiki yangu. Yeye alikuwa mtu wa mlangoni na mimi mtu wa kupita mlangoni. Ukumbi wenyewe mnaujua, Jumamosi harusi, siku za kazi mikutano. Zamani ulilindwa na mzee mmoja mwenye upinde na redio, aliyetujua mpaka mwendo. Halafu biashara ikawa ruksa, kampuni za ulinzi zikachipuka, na mlangoni akasimama huyu marehemu, sare ya bluu, buti zinang'aa, anapapasa kila anayeingia. Watu walinung'unika lakini moyoni walipenda, maana ukikaguliwa unajiona umefika mahali pa maana. Wakati huohuo wageni rasmi walishuka kwenye magari na kuingia kwa mlango wa pembeni bila kuguswa, na akina mama wa jikoni walipita nyuma na visu vya kuchinjia ng'ombe. Nilimchokoza siku moja kuhusu hilo. Akanijibu kwa upole kwamba mlango aliokabidhiwa ni huo wa mbele.

Siku ninayoikumbuka ni ile wakulima walipoitwa kuelezwa kwamba ushirika hautanunua tena alizeti wala karanga zao, kila mtu ajitafutie mnunuzi. Ilijulikana watakuja na hasira, kwa hiyo amri ilikuwa asiingie mtu na silaha. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma ya marehemu, naandika habari. Katika msafara wa kutoka Mlali alikuwamo baba mkwe wa marehemu, mzee mrefu mwenye mgolole, lile shuka la begani, na kisu kiunoni kama wazee wengi wa huko wanavyotembea nacho. Aliponiona nimemwachia njia akacheka, akasema leo ataingia bila taabu kwa kuwa mlango ni wa mwanawe. Ndugu zangu, mkwe hashikwi kiunoni. Hata kumpa mkono unainama. Marehemu akainama, akamsalimu kwa Kigogo kama inavyopasa, kisha akanyooka na kusema kwa Kiswahili, "Baba, naomba uinue mikono."

Mzee alimtazama kwa muda, akainua mikono taratibu, na mkwewe akampapasa mbele ya majirani zake wote, akakitoa kile kisu na kukiweka mezani. Mkutano ulipoisha mzee alitoka bila kukidai, akapanda lori, akarudi Mlali. Tangu siku ile hakukanyaga tena nyumbani kwa binti yake. Wajukuu wawili wamezaliwa hajawaona. Marehemu alikwenda Mlali mara kadhaa, na kisu, na mbuzi wa kuombea radhi, akaishia uani. Mara ya mwisho mzee alimtolea neno moja tu, kwamba kisu kilichokamatwa hakirudi, akae nacho.

Mtaniuliza kama ukaguzi ule ulisaidia. Sijui. Mkutano ulichafuka kweli, viti vikarushwa, na mtu mmoja akapasuliwa kichwa kwa kiti cha ukumbi wenyewe, ambacho hakuna aliyefikiria kukikagua. Inawezekana kisu kingeua. Inawezekana pia kile kisu kingekaa kiunoni mpaka jioni kimenye muhogo, kama siku zote. Usalama una ubaya huo, ukiwapo huoni umeepushwa na nini, na walinzi na wenye kampuni wanaishi humohumo katika kutojua kwetu. Ninachojua ni kwamba sisi tulirudi majumbani salama, na aliyelipia alikuwa mmoja, na alilipia nyumbani kwake. Nilimuuliza kwa nini hakumwachia mzee apite. Aliangalia buti zake. "Nikimwacha mkwe wangu," alisema, "nyuma yake nitamkagua nani?"

Gulwe tulifika jua likiwa kali. Maradhi yalikuwa ya siku chache tu, homa, na sasa jeneza lilikuwa sebuleni, mlango wazi, kila mtu anaingia anatoka. Kisu kilikuwa juu ya kabati, mjane alikuwa amekileta. Mchana alishuka mzee kutoka Mlali, amezeeka, anashikiliwa mkono. Watu wakampisha. Alipofika kizingitini akamwachia aliyemshika, akasimama akilitazama jeneza, akainua mikono yote miwili mpaka mgolole ukaporomoka begani. Hatukujua tufanye nini, wala nani amwambie nini, maana wa kumkagua ndiye aliyekuwa amelala pale. Mikono yake ikabaki juu. Ndipo binti yake akainuka kwenye mkeka, akaja, akamshusha mkono mmoja, halafu wa pili.

"Pita, baba," akamwambia.

Sikulia hata hapo, na sielewi kwa nini. Jumatatu nilikwenda tena benki. Yule mlinzi, kwa kuwa tumezika pamoja, aliniashiria nipite tu, na kifaa chake akakishusha. Mlango unaomruka mtu kwa sababu anajulikana haumlindi yeyote, na nimeyajua haya kwa gharama ya mtu mwingine. Nikasimama palepale, nikainua mikono, nikamsubiri anikague.