Kasoro Aliyoichagua Kilo

Pale kiwanda cha unga, ukitaka kazi ulikuwa huendi ofisini. Ofisini kulikuwa na meza, feni iliyogoma kuzunguka na fomu ambazo panya walizipitia kabla ya binadamu yeyote. Ulikuwa unakwenda mzanini, kwa Kilo.

Kilo walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake: lori likija tupu linapanda mzani, likitoka limejaa linapanda tena, naye anaandika. Miaka kumi na minne ndani ya kibanda chenye dirisha moja, na ungemsikia akijigamba ungedhani kiwanda kizima amekibeba mgongoni.

"Watu kumi na mmoja nimewaingiza humu," alikuwa akisema, anahesabu vidole mpaka vinamwishia. "Hajafukuzwa hata mmoja! Haya, nitajieni mwingine mwenye mdomo kama huu."

Hawakumtaja mwingine, maana hakuwapo. Dereva wa lori la kiwanda naye aliwahi kuwapigia debe watu wake. Akifika kwa meneja, yule mama waliyemwita Mama Bosi, anamwaga sifa kama maji ya bomba bovu: mchapakazi, mwaminifu, mpole, hata kukohoa mbele ya wakubwa hajui. Watatu wakapata kazi kwa sifa hizo. Mwezi wa pili haukuisha, wote watatu walikuwa nje ya geti.

Kilo alikuwa na namna yake. Sifa mbili, kasoro moja. Alipomleta fundi wa mashine alisema, "Mama Bosi, huyu mashine ikiumwa anaisikia kabla haijalia. Pili, mkono wake hauna kucha, cha mtu hagusi. Ila ana mdomo mchafu. Siku akikasirika atakutukana hata wewe." Wiki ya tatu fundi akamtukana kweli, tusi la kuvua kofia. Mama Bosi akacheka mpaka akakaa chini. "Kilo aliniambia!" Yule mama mfagiaji naye, Kilo alisema anafagia mpaka kivuli chake, ila asitegemewe asubuhi mapema kwa sababu ana mama yake wa kumwogesha. Basi akapangiwa zamu ya mchana, akadumu.

Yaani mtu akishajua pale ukuta ulipopasuka, haegemei pale. Hivyo ndivyo Kilo alivyokuwa akifundisha watu, kifua mbele. Na alikuwa sahihi, hilo tusimnyime. Wa kumi na mbili ndiye aliyemmaliza.

Wa kumi na mbili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, anajua kushona viatu, kupaka rangi, kupanga matofali, na hakuna kazi iliyomkalia. Alikuwa anaanguka. Kifafa. Gereji walimwona siku moja akitupa miguu chini ya gari, wakampa nauli na kumwambia asirudi. Kwa mjenzi ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka mzima alilala sebuleni kwa Kilo, godoro analikunja kabla watoto hawajaamka, anafagia, anachota maji, anakula kidogo makusudi ili asionekane anakula.

Nafasi ilipotokea stoo ya pumba, kazi ya kupokea magunia na kuyapanga, mke wa Kilo alimshika mkono mlangoni.

"Baba watoto, mwombee mdogo wangu. Lakini mwambie Mama Bosi ukweli. Mwambie anaanguka. Wenzake wajue wamgeuze ubavu, wamwachie hewa. Hicho tu."

"Unanifundisha mimi kumsemea mtu? Mimi?"

"Sikufundishi. Nakuomba."

"Nitasema, mama watoto. Lini nimeficha kasoro ya mtu?"

Njiani akapiga hesabu zake. Akisema kifafa, shemeji hapati. Akisema hana kasoro, Mama Bosi atashtuka, maana Kilo asiyetaja kasoro ni Kilo anayeficha kitu. Inatakiwa kasoro, lakini nyepesi kama pumba zenyewe. Akaipata alipofika getini, na akajiona bingwa.

"Mama Bosi," alisema, "huyu anapanga magunia kwa mstari kama ametumia uzi. Pili, hana maneno, siku nzima hutamsikia. Ila ana usingizi. Akipata upenyo anajiegesha. Mkimkuta amelala msimpigie kelele, anaamka mwenyewe na kazi anaimaliza."

"Usingizi tu?" Mama Bosi akacheka. "Mwanangu wa kwanza yuko hivyo hivyo. Mlete."

Umeona alivyosuka? Kasoro moja, kazi mbili: inampa shemeji ajira, na siku akianguka, watakaomkuta watasema amelala. Na stoo yenyewe imejaa magunia laini. Kilo alijiambia, hata akianguka, ataanguka kitandani.

Nyumbani alimwambia mkewe, "Nimesema yote." Mke akamshukuru, akamwekea maji ya moto ya kuoga.

Miezi mitatu kazi ikaenda. Shemeji alinunua godoro lake mwenyewe, akaanza kuulizia chumba cha kupanga. Alianguka mara mbili, saa za mchana stoo ikiwa tupu, akazinduka peke yake. Wapakiaji waliomkuta amejilaza walimtania.

"Shem, pumba zimekubembeleza tena?"

Alicheka mdomo ukiwa umefungwa, kwa sababu ulimi alikuwa ameung'ata na damu ilikuwa bado mdomoni. Jioni moja wakitembea kurudi nyumbani alimwambia Kilo, "Shemeji, si bora tuwaambie? Wananifunika funika pale kwa utani. Naogopa."

"Uwaambie upate nini? Urudi sebuleni kwangu?"

Shemeji akatangulia hatua mbili mbele. Kilo akadhani ameshinda mabishano.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa chai. Lori lilikuwa juu ya mzani, Mama Bosi amesimama dirishani na daftari lake, anasubiri uzito. Mpakiaji mmoja, yule mcheshi wao, akaja anajishika mbavu.

"Kilo! Shemeji yako leo kazidisha. Kalala kifudifudi juu ya pumba, anakoroma kama trekta. Nimemfunika gunia kichwani, mwanga usimsumbue!"

Kilo alijua ule mkoromo. Ameusikia sebuleni kwake, mkewe akiwa amepiga magoti anamgeuza mdogo wake ubavu. Alijua maana ya kifudifudi. Miguu ikataka kuruka dirisha. Lakini Mama Bosi alikuwa anamtazama, anatabasamu, na Kilo akaona kumi na mmoja wake wote, na jina lake, vikining'inia pale dirishani. Akikimbia, atamkimbilia nini mtu aliyelala?

Akacheka. "Mwacheni apumzike. Kwani sikuwaambia?"

"Dakika kumi nampa," Mama Bosi akasema. "Kilo bwana, kasoro zako huwa hazikosei."

Alisubiri Mama Bosi aondoke. Hakuondoka. Likapanda lori la pili. Alijiambia huwa anazinduka mwenyewe, mara zote amezinduka mwenyewe. Aliandika uzito vibaya, akafuta, akaandika tena. Mama Bosi alipogeuka kwenda ofisini, Kilo alitoka kibandani akitembea, kisha haraka haraka, kisha mbio.

Gunia lilikuwa bado kichwani. Alilitupa, akamgeuza ubavu, kama mkewe alivyomwonyesha. Pumba zilikuwa zimejaa puani na mdomoni. Akazitoa kwa kidole, akazitoa, akazitoa. Mwili ulikuwa bado na joto. Wapakiaji walikuja na vikombe vyao vya chai mkononi, na yule mcheshi akauliza, "Vipi, kagoma kuamka?" halafu akauona uso wa Kilo, kikombe kikamponyoka.

Siku ya pili baada ya mazishi, Mama Bosi alikuja nyumbani. Akakaa kwenye kiti cha kuazima, akamshika mke wa Kilo mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Daktari katuambia ni kifafa. Tungejua tusingemwacha peke yake kule. Sisi tuliambiwa usingizi tu."

Mke hakumtazama mumewe.

"Mliambiwa usingizi," alisema taratibu. "Na nani?"

Mama Bosi akamgeukia Kilo. Kilo alikuwa anaangalia viatu vyake, kama mtu anayesubiri viseme vyenyewe.

"Alisemaje? Nambie vile vile alivyosema."

Mama Bosi akaeleza. Magunia kwa mstari, maneno hana, usingizi anao. Mke akasikiliza mpaka mwisho, akaitoa mikono yake mikononi mwa mgeni, akaikunja mapajani.

"Basi na mimi nimsemee mume wangu, kwa mtindo wake. Usimfukuze, Mama Bosi, ana watoto. Kazini hachelewi. Pili, halewi, na mkono hajawahi kuninyanyulia. Ila ana kasoro moja." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Akikuchekesha, angalia kwanza nani amelala chini."

Hakufukuzwa. Yumo kibandani mpaka leo, anapima. Yule mpakiaji mcheshi aliacha kazi wiki ile ile, hakuaga mtu, na kuna wanaosema bora angeondoka Kilo badala yake. Mke anampikia, anamfulia, anamjibu akiulizwa. Maji ya kuoga Kilo anajichemshia mwenyewe. Godoro la shemeji limesimamishwa nyuma ya mlango wa sebule, na kila mlango ukifunguliwa unaligonga kidogo.

Mama Bosi siku hizi nafasi anazibandika getini, kwenye karatasi, na kila anayekuja anaulizwa mwenyewe, mlango umefungwa, ana afya gani. Lakini habari hazifiki kila mahali. Juzi mtu mmoja mgeni alikuja dirishani, shati limepigwa pasi, bahasha mkononi.

"Kaka, nimeambiwa wewe ndiye wa kunitilia neno."

Kilo aliweka kalamu chini.

"Unaumwa nini?" akamuuliza.

"Siumwi kitu."

"Unaumwa nini, ndugu yangu? Niambie tu. Unaumwa nini?"

Yule mtu akarudi nyuma hatua moja, akaangalia kushoto na kulia kama anatafuta wa kumsaidia. Kisha akaishika bahasha yake vizuri, akaondoka bila kuaga. Nyuma yake lori lilikuwa linapiga honi, limeshapanda mzani, linataka kupimwa.