Mahindi ya Zambarau ya Nyanya

Jana nilishuka Dagoretti Corner nikanunua hindi la kuchoma, nikasimama papo hapo kando ya barabara kulitafuna. Jeupe, punje kubwa, zimejipanga vizuri. Ladha hakuna! Nikaanza kuhangaika tena, rafiki yangu, kama ninavyohangaika kila mvua inapokaribia.

Miaka ya sitini tuliishi karibu na hapo, tukilima kishamba nyuma ya nyumba. Jikoni, juu ya moto, Nyanya alitundika mahindi ya zambarau aliyokuja nayo kutoka kwetu magharibi. Moshi uliyakausha, wadudu hawakuyagusa. Hiyo ilikuwa mbegu, na ole wako uiguse.

Siku moja mwalimu akatuambia mahindi si ya kwetu. Yalitoka Amerika, yakaletwa na merikebu za Wareno, hao hao walionunua na kuuza watu. Maharagwe pia. Githeri nzima, mahindi na maharagwe chungu kimoja! Nilikimbia nyumbani kumwambia Nyanya. Alicheka hadi akafuta machozi.

"Wacha yatoke huko. Mama yangu aliyapa shamba. Leo nani atakuja kuyadai?"

Haukupita muda, baba, aliyekuwa karani mjini, akaja na mbegu ya dukani, nyekundu kwa dawa. "Mama, hii inazaa mara mbili. Hayo yako tule tu." Nyanya akakubali shingo upande. Tukayachemsha ya zambarau yote. Nyumba ilinukia ajabu, lakini yeye hakula.

Kweli, tulivuna sana. Naye Nyanya, kama alivyozoea, akachagua mahindi bora, akayatundika kwenye moshi, akayapanda mvua iliyofuata. Yakatoka mafupi, mengine hayakuzaa kitu. Hapo ndipo baba alipoeleza, kwa aibu, kwamba mbegu hiyo hununuliwa kila mwaka.

"Kila mwaka? Na asiye na pesa?"

 Nyanya akanigeukia mimi: "Kumbe zile merikebu za mwalimu wako hazijarudi kwao."

Tangu hapo hakutulia. Kila aliyekwenda magharibi alimwagiza punje za zambarau, lakini huko nako walishahamia mbegu ya dukani. Hata alipougua, ukiingia chumbani hakuwa na habari ya salamu. "Umeyapata?"

Nyumba ile ilibomolewa, pamesimama ghorofa. Mimi mwenyewe nina wajukuu. Bado nazunguka Kenyatta Market nikiuliza, na wauzaji wananicheka: "Shosho, ya zambarau ya nini na nyeupe iko?" Narudi mikono mitupu, na nikifungua mlango bado naogopa kuulizwa.