Salamu Mteremkoni

Theodory anabeba ndizi. Siku ya gulio anafunga mikungu mitano kwenye baiskeli, miwili kila upande na mmoja juu ya keria, anashuka nayo kutoka kijijini kwetu mlimani hadi sokoni Kilosa. Njia ni moja kwa watu na baiskeli, nyembamba, huku ukuta wa udongo na huku korongo. Baiskeli yenye mzigo haisimami mteremkoni kwa breki peke yake. Mwendeshaji anakandamiza tairi kwa soli ya katambuga, na hata hapo inapunguza mwendo tu. Ndiyo maana watu wa huku, wakisikia kengele nyuma yao, wanajibana ukutani bila kugeuka na baiskeli inapita.

Theodory alikuwa na lake. Hakumpigia mtu mzima kengele mgongoni. Babu yake, aliyekuwa katekista, alimwambia kengele wanapigiwa mbuzi na watoto wa shule. Akiona mtu mzima mbele, alipunguza mwendo mapema, akaamkia, akasubiri kupishwa. Kwa hiyo alifika sokoni wakati wenzake wameshauza.

"Mzee wa shikamoo," Kelvin alimtania, "ndizi zako zitaivia njiani."

"Zikiiva nitakula."

Kelvin ni kijana, naye anabeba ndizi. Kwenye usukani amefunga spika inayopiga muziki kutoka juu hadi bondeni. Wazee walimsikia kona mbili kabla hajafika, wakajipanga ukutani wakimsonya. Theodory walimpenda, na aliyempenda kuliko wote ni Bibi Editha. Theodory alifiwa na mama yake angali shule ya msingi, na Editha ndiye aliyemlisha pamoja na watoto wake, Yared na Devota. Hadi leo anamwita mama.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, Theodory alikata kona akaona mgongo wa mwanamke mwenye ndoo ya mahindi kichwani, akielekea mashineni. Alikandamiza tairi. Soli ilikuwa imeshika tope na baiskeli haikupungua mwendo kama alivyozoea. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kengele. Ndipo alipoitambua khanga, akakiondoa.

"Shikamoo, mama!"

Mtu aliyelelewa vizuri haitikii salamu kwa kisogo. Editha alisimama katikati ya njia, akashika ndoo kwa mkono mmoja, akageuka ili aitikie.

Nyonga ilivunjika. Wanaume walimshusha kwa machela hadi hospitali, na alirudishwa baadaye kwa njia hiyo hiyo. Tangu hapo ni mtu wa kitandani.

Mkutano wa kitongoji ulifanyika nje ya nyumba ya mwenyekiti, Gerald. Yared alisimama mbele ya Theodory.

"Kengele yako ilikuwa nzima?"

"Nzima."

"Kidole kilikuwa wapi?"

"Juu yake."

"Ukakitoa."

"Niliona ni mama. Ningempigiaje mama kengele?"

"Ungempigia, leo angekuwa anatembea."

Kelvin alikuwa amekaa juu ya baiskeli yake, nyuma ya watu. "Mimi mnaniita mhuni," alisema. "Sawa. Nimemgonga nani?"

Mzee mmoja alimwambia anyamaze.

Gerald akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila baiskeli itampigia kengele kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Theodory hakutozwa kitu. Yared alimkataza tu kukanyaga nyumbani kwao.

"Niache nimwombe radhi," Theodory alisema. "Nisikie mwenyewe kama ana kinyongo na mimi. Basi."

"Mama anaumwa. Hapokei wageni."

Lile neno "wageni" lilimkaa moyoni. Miezi yote iliyofuata alipita chini ya nyumba ile akipiga kengele, kama ilivyoamriwa. Watu walimpisha, na kwa kuwa hakuna aliyegeuka, hakuna aliyesalimiana naye. Alifika sokoni mapema. Jambo moja tu ndilo alilolitaka, kusikia neno la Editha mwenyewe, na alilingoja.

Wiki moja kabla ya Pasaka Yared alisafiri kwenda Magole. Theodory akapandisha baiskeli hadi mlangoni, na mkungu mmoja juu ya keria. Devota alimfungulia.

"Ingia, kaka. Ila usikae."

Editha alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, shuka limefika begani.

"Shikamoo, mama. Ni Theodory."

Alisogea karibu na kitanda.

"Marahaba," Editha aliuambia ukuta.

Theodory alianza kusema lile alilokuja nalo, kwamba alimheshimu, kwamba tope lilishika soli, kwamba amsamehe. Alipomaliza, bega halikuwa limesogea. Devota akamgusa kiwiko wakatoka.

"Nyonga inamuuma sana akigeuka?" Theodory aliuliza nje.

Devota anasali sana, na hajui kudanganya. Alitazama chini.

"Siku hizi anageuka mwenyewe, kaka. Jana mchungaji alipokuja alimgeukia, wakaongea hadi jioni."

Theodory alifungua kamba, akaegemeza ule mkungu ukutani, akaisukuma baiskeli hadi njiani bila kuipanda.